Riboni Nyeupe za Grinhausi ya Saba

Wairimu, mami,

Umetoka sasa hivi na shangazi yako kwenda kunyolewa kwa ajili ya shule ya bweni, na hata hamjafika getini nimeshachukua kalamu. Nina muda wa kinyozi kumaliza kichwa kimoja, pamoja na foleni ya Jumamosi. Ukirudi bila nywele nitalia, na nikishalia sitaandika tena, kwa hiyo nataka nimalize kabla. Lakini unanijua, mimi haraka siwezi. Nimeanza kwa kupiga pambizo kwa rula, kama mtu anayefanya mtihani.

Mambo ya sanduku sitayagusa. Orodha ya shule uliibandika mwenyewe ukutani na umeitia alama mpaka mwisho, hata ile ndoo. Ninachotaka kukuandikia hakiko kwenye orodha yoyote. Ni jambo nililokuficha kwa miaka minne.

Ulipoleta fomu ya kuchagua shule ulisema, "Mum, nimeweka hii ya kwanza." Nikasoma neno Kakamega. Nikakuuliza, "Kwa nini mbali hivyo? Si kuna shule nzuri hapa hapa Kiambu?" Ukanijibu ukiendelea kula, "Kukhu anakaa huko. Siku ya kutembelewa, wewe ukichelewa, yeye hatachelewa."

Nilitia sahihi, kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji ili usinisikie. Ulidhani ninahuzunishwa na umbali. Nilikuwa naogopa, Wairimu. Ukimfikia Kukhu utamuuliza lile swali ambalo umeniuliza mimi mara nyingi: kwa nini aliondoka hapa kwetu Ngoingwa bila kukuaga. Huenda akakujibu. Au asikujibu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba bado ananibebea mzigo wangu. Afadhali usikie kutoka kwangu, leo, kabla hujapanda gari.

Nianze mbali kidogo. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Hilo unalijua, tulishaongea. Ambalo sijakuambia ni kwamba nilikuficha chini ya sweta la shule mpaka ukawa na miezi sita tumboni, hata wakati wa joto, na mama yangu alipogundua hakunigombeza kwa ajili ya mimba. Alisema tu, "Miezi yote hii nimekuwa nikikupikia chai bila kujua napikia watu wawili." Sauti ile bado ninayo. Nilipaswa kujifunza hapo. Sikujifunza.

Nilipopata nafasi ya chuo hapa Thika, nilipanga chumba kimoja cha mabati, na jirani wa mlango wa pili alikuwa Mama Simiyu. Alikuwa ametoka kwao Kakamega kutafuta kazi, watoto wake wakubwa tayari. Wiki ya kwanza alisikia unalia, akagonga ukuta. "Wewe msichana! Huyo mtoto ana njaa au ana gesi?" Nikasema sijui. Akaja, akakuchukua, akakulaza kifudifudi kwenye mkono wake, ukanyamaza. Akaniambia, "Enda shule. Mimi naingia kazi ya asubuhi, narudi saa nane. Mtafutie mtu wa mpaka saa nane, baada ya hapo ni wangu." Kwa miaka mitatu ulikuwa wake kuanzia saa nane. Neno lako la kwanza halikuwa mama. Lilikuwa Kukhu, na kwao hiyo ni nyanya.

Siku moja, wewe ukiwa na mwaka mmoja hivi, alinisindikiza Ruiru kumwona mama yangu, yule uliyepewa jina lake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlimau. Tangu utoto wangu mlimau ule ulikuwa unaingia weusi. Majani yalikuwa kama yamepakwa masizi ya sufuria. Mama aliupenda, na mimi nilipenda kumfurahisha mama. Kwa hiyo kila Jumamosi nilichukua kitambaa na maji ya sabuni nikapangusa majani niliyoweza kuyafikia, moja moja, mpaka yakang'aa. Jumamosi iliyofuata weusi ulikuwa umerudi. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Siku hiyo nilimsimulia Mama Simiyu, nikijisifu kidogo. Akasogea, akachuma jani, akaligeuza.

"Mwanangu, ulikuwa unapangusa nini?"

"Uchafu."

"Huu si uchafu wa kuletwa na upepo. Ona huku chini."

Kando ya mshipa wa jani walikuwa wamejipanga wadudu wadogo weupe, laini, kama waliogaagaa kwenye unga. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kana kwamba wana shughuli ya ofisi. Shambani ninakofanya kazi wadudu hao wanaitwa milibagi. Wewe umekua ukilisikia neno hilo, lakini mimi siku hiyo ndiyo nililisikia mara ya kwanza.

"Hawa hawatafuni," aliniambia. "Angekuwa kiwavi ungeona shimo. Hawa wanachoma mdomo ndani, wanakunywa mti. Jani linabaki zima, na wewe unasema liko sawa. Wanachokojoa ni kitamu, kinadondokea majani ya chini, na hapo ndipo ukungu mweusi unaota. Sisimizi anakuja kulamba. Na mtu akija kuwala hawa, sisimizi anamfukuza."

"Mtu gani anakula hivi?"

"Si kuna wadudu wengine wanawala! Kwani huko chuo mnasoma nini?"

Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Haiya! Njambi ameosha mti wangu miaka miwili kama sahani!" Mpaka leo nikienda Ruiru ananiuliza kama nimebeba kitambaa.

Nilipomaliza chuo, Mama Simiyu ndiye aliyenipeleka shambani alikofanya kazi. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alimwambia karani mkuu wa wakati huo, "Huyu ni msichana wangu. Ana diploma, na mwandiko wake ni kama wa mashine." Nikapewa mkataba wa miezi mitatu, kisha mwingine wa miezi mitatu, na hivyo hivyo.

Kazi yangu unaijua kwa nje tu, kompyuta na karatasi, kwa hiyo acha nikueleze inavyokwenda, la sivyo hutaelewa nilichofanya. Shamba letu ni la maua ya waridi, na maua yako ndani ya grinhausi. Kila grinhausi ina skauti wake. Kukhu alikuwa skauti wa grinhausi ya saba. Kazi ya skauti ni kutembea kitanda kwa kitanda tangu asubuhi akigeuza majani, akiwa na lenzi ndogo shingoni. Ya Kukhu aliitundika kwa kamba ya kiatu. Akikuta wadudu, anafunga riboni kwenye waya wa kitanda hicho: njano ni vidukari, nyeupe ni milibagi. Juu ya riboni anaandika namba ya kitanda na tarehe kwa kalamu ya bik, kisha anajaza kadi. Kadi inaletwa kwangu, naingiza kwenye kompyuta, natoa karatasi, na Mutiso, kiongozi wa watu wa pampu, anapiga dawa kufuata karatasi ile. Bila karatasi yangu pampu haiwashwi. Nilijivunia sana jambo hilo. Nilikuwa mdogo kuliko wote ofisini na hakuna aliyeweza kuanza kazi kabla sijaandika.

Sasa nafika pale.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, karibu na msimu wa Februari, wakati ambao maua yanatakikana kuliko siku zote za mwaka na kila mtu shambani anatembea kama anakimbia. Alhamisi moja ilikuja kadi ya Kukhu: milibagi, vitanda sita. Sijaigusa kibodi, Bwana Gitau akainama juu ya meza yangu. Alikuwa supavaiza wetu.

"Njambi, hii ni nini?"

"Ni kadi ya Mama Simiyu."

"Najua ni ya nani, huo mwandiko ni wa kuku. Nauliza ni nini."

"Milibagi. Vitanda sita."

"Wee! Wiki hii? Tukipiga dawa hapo, hatukati maua kwa wiki nzima. Na maua ya saba yanatoka lini?"

"Jumatatu."

"Basi weka kama wiki jana. Tukishakata, tunapiga. Ni siku nne tu. Kwani mdudu atamaliza mti kwa siku nne?" Alikuwa akitabasamu. Kisha akaongeza, kana kwamba amekumbuka njiani, "Na zile riboni. Meneja anapita kesho. Pita hapo saa ya lunch uzitoe, wewe una mkono mwepesi."

Natamani ningeweza kukuambia kwamba alinitisha. Hakunitisha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo, na yeye hakuutaja. Niliufikiria mimi mwenyewe, nikajitisha mwenyewe, nikaandika "safi" mara sita. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika ukweli, kwa sababu ukweli una namba.

Saa ya chakula nilienda na sweta langu la kila siku, bila lile koti jeupe ambalo mtu yeyote anayeingia ndani anapaswa kuvaa. Nilifungua riboni sita moja baada ya nyingine, nikijisukuma katikati ya matawi. Kukhu alizifunga kwa fundo lake la mara mbili, kwa hiyo ilibidi nitumie kucha. Nilipotaka kutoka nilimwona kupitia plastiki, amekaa nje ya mlango wa saba na wenzake, anakula githeri. Singeweza kumpita mbele nikiwa na riboni zake mfukoni. Nikarudi nyuma, nikapita mlango mdogo wa katikati, nikatokea grinhausi ya nane, nikaivuka yote mpaka mwisho, nikatoka upande mwingine. Kumbuka mlango huo, nitaurudia.

Riboni nilizitupia kwenye handbag yangu na kadi nikaiweka kwenye droo. Sijui kutupa karatasi. Hata risiti ya sukari ninaiweka.

Jumapili asubuhi ulikuwa unatafuta kitana. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulipekua handbag, ukazikuta, ukaona Mungu amekuletea mapambo. Nilipogeuka ulikuwa umeshafunga mbili kwenye nywele, moja kila upande, na umeshatoka nje kujionyesha. Kukhu alikuwa mferejini akiosha miguu.

"Haiya! Bibi harusi! Na hizi umetoa wapi?"

"Kwa handbag ya mum. Ziko nyingi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Nilimwona akishika ncha ya riboni, akiisogeza mbali na macho yake kama anavyofanya akisoma bila miwani. Namba ya kitanda ilikuwa hapo, na tarehe. Aliisoma. Aliniangalia. Kisha akakuambia, "Hii imelegea, geuka," akaifungua, akaifunga upya kwa fundo lile lile la kazini. "Sasa haitoki. Zinakupendeza."

Wewe ukakimbia kuonyesha wenzako. Yeye akafuta miguu polepole.

"Walipiga dawa namba saba?" akaniuliza.

"Watapiga, Mama."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Sawa."

Hapo, mami, nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu. Ningeweza kusema, Mama, nimefanya jambo baya, nisaidie tulirekebishe. Angenitukana kwa Kiluhya, kisha angenisaidia. Badala yake nilimuuliza kama angependa chai.

Jumatatu Bwana Gitau alimhamisha kwenda grinhausi ya pili, na saba ikapewa kijana mgeni ambaye hakujua milibagi wanajificha wapi. Kukhu akaenda kwa Mutiso mwenyewe. Niliwasikia dirishani kwangu.

"Mutiso, piga dawa saba. Nakuomba."

"Mama, nipe karatasi."

"Karatasi nitatoa wapi? Mimi nakuambia nimeona kwa macho."

"Nakuamini. Lakini bila karatasi mimi ni mtu anatembea na maji tu."

Printa ilikuwa karibu na kiwiko changu. Ningeweza kuichapisha kabla hawajamaliza kuongea.

Siku nne zikawa wiki. Bwana Gitau akasema tungoje mkato mwingine, halafu mwingine. Nami sikuwa na njia ya kurudi. Kompyuta ilisema saba ni safi. Ili niandike kwamba ina wadudu ilibidi nieleze walitoka wapi. Hivi ndivyo inavyokuwa, na hakuna aliyeniambia: uongo wenyewe nilikuwa nimeshausema na ukaisha, lakini kila asubuhi ulitaka niulishe tena.

Halafu mambo yakajitokeza yote kwa pamoja. Saba ilianza kunata. Wakataji walilalamika kwamba glavu zao zinang'ang'ania majani. Weusi ukapanda kutoka chini. Majani yalikuwa mazima, hakuna shimo hata moja, lakini yalikuwa yamepauka na kulegea, na machipukizi yalitoka yamepinda shingo. Ukifungua tumba la waridi unakuta unga mweupe ndani kabisa, mahali ambapo dawa haifiki tena. Sisimizi walikuwa kila mahali. Maua yakarudishwa kutoka kule yalikopelekwa. Kisha ikaonekana na nane ina wadudu hao, na kitanda kilichoanza, kilichokuwa kibaya kuliko vyote, ni kile kilichoko kando ya mlango mdogo wa katikati. Watoto wa milibagi ni wadogo kiasi kwamba huwaoni bila lenzi. Wanasafiri kwa nguo za watu. Sina ushahidi kwamba ni sweta langu. Lakini hakuna mtu mwingine anayepita mlango ule. Mimi niliupita kwa sababu nilimkwepa mwanamke aliyekuwa anakula githeri.

Miti ya saba iling'olewa yote na nusu ya nane, ikachomwa nyuma ya shamba. Unaikumbuka siku hiyo? Ulisema moshi unanukia kama manukato.

Tuliitwa banda la kupakia. Meneja, Bwana Gitau, mimi na Kukhu. Meneja aliuliza nani alikuwa skauti wa saba mwezi wa kwanza. Kukhu akasema, "Ni mimi. Niliona, nikaandika kadi, nikafunga riboni sita."

"Riboni ziko wapi?"

Hakujibu. Wairimu, hakujibu. Alijua ziko kichwani mwako. Wiki hiyo hiyo ulikuwa umezivaa kwenda shule, ukampungia mkono ukipita. Angesema neno moja tu, mimi ningekwisha. Aliangalia chini, akaangalia mikono yake.

Meneja akanigeukia. "Karani, rekodi inasemaje?"

Nilikuwa nimebeba faili. Nilifungua ukurasa ambao niliujua kwa moyo. Nikasema, "Kulingana na rekodi, grinhausi ya saba ilikuwa safi."

Kila neno la sentensi hiyo lilikuwa kweli. Nimeifikiria kwa miaka minne na sijapata neno moja la uongo ndani yake. Ndiyo maana inanisumbua kuliko kama ningesema uongo wa kawaida. Kadi ilikuwa kwenye droo, hatua arobaini kutoka pale tuliposimama.

Kukhu aliniangalia. Tangu siku ile alipogonga ukuta alikuwa akiniita mwanangu. Akasema, "Sawa, karani."

Alipewa barua ya kufukuzwa kwa uzembe. Aliipeleka mashamba mengine mawili akitafuta kazi, na huko waliposoma neno hilo hawakumsikiliza. Alifunga mizigo yake siku ya katikati ya wiki, ukiwa shule. Nilimwomba angojee mpaka saa tisa ili akuage. Akaniambia, "Nikimuaga ataniuliza kwa nini naenda. Mimi sijawahi kudanganya huyo mtoto, na leo sitaanza. Wewe utamwambia unachotaka." Nikakuambia ameenda kupumzika. Ulikaa kwenye ngazi ya mlango wake mpaka giza, na mimi nikapika chapati ili usahau.

Hukusahau. Kila Krismasi mnaongea kwenye simu yangu. Ukimaliza unanipa simu, na mimi ninasema mtandao umekatika. Krismasi iliyopita uliniangalia nilipolisema hilo. Nadhani ulijua.

Sijui kama unasoma sasa umekasirika. Una haki. Sitakuambia uwe tofauti na mimi; mtu hawezi kutumwa hilo kama anavyotumwa dukani. Nitakuambia tu nilichokiona, kwa sababu unaingia mahali ambapo sitakuwepo. Watu wengi sana wametazama maisha yangu wakaona jani zima. Mchungaji hunipa mimi hesabu ya viti vya kanisa niitunze, shambani nikafanywa karani mkuu, walimu wako walinisifu kwa jinsi nilivyokulea. Na kila mara waliponisifu, kuna kitu chini kilikunywa kidogo. Sikukonda, sikuugua. Nilipauka tu. Umewahi kuniuliza kwa nini siimbi tena nikifua. Ni hivyo.

Na sisimizi nilikuwa nao pia. Sababu zangu. Una mtoto. Mkataba unaisha. Gitau ndiye mkubwa. Ukisema sasa miti haitarudi. Kila lilipokuja wazo la kwenda kusema, sababu moja ilitoka mbio kulifukuza. Na zilikuwa sababu nzuri. Wewe ndiwe uliyekuwa sababu kubwa kuliko zote, na ninakuomba msamaha kwa hilo peke yake. Nilitumia jina lako. Nilisema ni kwa ajili yako, wakati mtu aliyenyamaza kwa ajili yako kweli alikuwa yeye.

Jana Ijumaa nilipeleka kadi. Bwana Gitau aliacha kazi zamani na meneja ni mwingine, kwa hiyo sina hata wa kujificha nyuma yake. Nilikuwa nimeandika barua ya ukurasa mmoja, nikaifuta mara tatu, nikaandika tena. Nimeomba ile barua ya Mama Simiyu ifutwe na apewe nyingine yenye ukweli. Niliiacha mezani kwa meneja, nikatoka, nikarudi kuichukua, nikamkuta ameshaifungua.

"Mama Wairimu, hii ni ya lini?"

"Ni ya zamani, bwana."

"Na kwa nini unaniletea leo?"

Nilikuwa na jibu nililoliandaa, refu, lenye aya. Nikasema, "Kwa sababu mtoto wangu anasafiri Jumapili."

Aliniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. Akasoma tena. Kisha akasema, "Jumatatu saa mbili, ofisini. Na mtu wa ofisi ya wafanyakazi atakuwepo."

Basi sijui Jumatatu italeta nini. Huenda wakanifukuza. Huenda wakasema ni mambo ya kale na kuirudisha kadi kwenye faili, na hilo ninaliogopa karibu sawa na lile la kwanza. Karo ya shule usiiwazie, ya muhula huu imeshalipwa, na mikono ya kutafuta nyingine ninayo. Nimelala vibaya, na umeona sijala tangu jana. Sitaki udhani mama yako amekuwa jasiri. Mimi bado naogopa vile vile. Tofauti ni kwamba sasa naogopa kitu kitakachokuja, na kile cha zamani kimenitoka mikononi.

Sandukuni, ndani ya bahasha ya kaki chini ya sweta lako jipya, kuna nakala ya barua niliyompa meneja na riboni tano. Nimeziosha mara nyingi. Kitambaa kimekuwa cha manjano lakini wino wa bik haujatoka, namba zote zinasomeka. Ya sita unayo wewe, ndani ya Biblia yako. Najua ni ile aliyokufunga mferejini, na najua uliivua kichwani bila kufungua fundo. Sitakuambia uifanyie nini. Hiyo ni kati yako na yeye.

Utakapomfikia, mpe bahasha kwa mikono miwili. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu. Nitakuja mwenyewe siku ya kutembelewa, na sitachelewa. Akikuuliza kama mimi sijambo, usimjibu hajambo, kama tunavyojibu watu. Mwambie, "Anaogopa, Kukhu, lakini amepeleka kadi."

Na kama bado ataniita karani, mwache. Jina hilo nililitafuta mwenyewe. Nitaliitikia mpaka yeye atakapochoka nalo.

Nasikia geti. Shangazi yako anacheka na wewe unamwambia anyamaze. Wacha nikunje karatasi, nije nikione kichwa chako.

Mama yako,
Njambi